Tatu ya Kuchonga

Duka la Bi Jicho lilikuwa ghorofani, juu ya duka la dawa, na ngazi zake za mbao zililia kila zilipokanyagwa, kwa hiyo mteja alijulikana kabla hajabisha hodi. Ndani mlikuwa na meza mbili, kabati la droo nyembamba lililogusa dari, mizani ndogo iliyofunikwa kwa kioo, na taa ya shingo ndefu. Ukutani hapakuwa na picha wala kalenda. Mwenyewe alisema mtu aliyekuja kuangalia sarafu asipewe kitu kingine cha kuangalia.

Jina la Bi Jicho alipewa na wakusanyaji wa sarafu za kale. Hao ni watu wabishi, hawakubaliani hata kama mvua inanyesha au la, lakini kwa hili walikuwa kauli moja: jicho la mama yule halidanganyiki. Watu walimletea makopo, soksi na mikoba ya bibi zao, wakavimwaga vilivyomo mezani, naye akapitisha kidole taratibu kama anayechambua mchele. "Hii ya kawaida. Hii ya kawaida. Hii imechakaa. Hii hebu subiri kidogo." Hilo "subiri kidogo" ndilo lililowapandisha watu zile ngazi.

Msaidizi wake alikuwa binti wa kaka yake. Alifika pale akiwa ametoka kumaliza shule na hajui la kufanya, akaambiwa apange droo, akapanga, akanogewa, akabaki. Mafundi simu wa mtaani walipoona kila Bi Jicho alipo na binti yupo, wakambatiza Mtoto wa Jicho, wakacheka mpaka wakashika mbavu. Jina la ugonjwa likamganda. Sasa alikuwa mwanamke mzima, mwenye mume na watoto wanaokwenda shule, na bado mtaa mzima ulimwita Mtoto.

Shangazi yake alimfundisha bila kumbembeleza. "Usiniambie sarafu ni ya zamani," alimwambia mara nyingi. "Sarafu inaweza kumzidi umri babu wa babu yako na isikununulie kibiriti, kwa sababu siku zake ziligongwa kwa magunia. Uliza waligonga ngapi. Uliza zimebaki ngapi, na ziko katika hali gani. Halafu uliza nani anaitaka. Ukikosa jibu hata moja, funga mdomo." Mtoto akajifunza kufunga mdomo, na baadaye akajifunza kuufungua. Alijua sarafu ya fedha kwa mlio wake ikiangushwa juu ya mbao, alijua iliyomiminwa kwenye kalibu ya matapeli na iliyogongwa kiwandani, alijua mkwaruzo wa mfukoni na mkwaruzo wa msasa.

Kati ya sarafu zote, iliyosakwa kuliko zote iliitwa Mgomo. Ilikuwa sarafu ya fedha ya mwaka uliomalizikia na tatu. Mwaka huo wafanyakazi wa kiwanda cha kugonga sarafu waligoma, mashine zikalala karibu mwaka mzima, na zilizotoka zilikuwa za kuhesabika. Za miaka mingine, ukiwamo ule uliomalizikia na nane, zilikuwa tele. Kila kopo la bibi lilikuwa nazo. Mgomo moja halisi iliwahi kupita pale dukani zamani. Mtoto aliishika, akaitazama mpaka shangazi akamnyang'anya.

Asubuhi moja ngazi zililia, akaingia mwalimu mstaafu wa jiografia, mtu mrefu mwenye shati lililopigwa pasi vizuri, amekumbatia albamu ya sarafu kama mtu aliyebeba keki. Bi Jicho alikuwa amekaa dirishani. Siku hizi kiti chake kilikuwa dirishani. Alisema anapenda upepo.

"Nyingi nimezisafisha mwenyewe," Mwalimu alisema kwa fahari, akifungua albamu. "Nilitumia dawa ya meno. Zimeng'aa kama mpya."

Bi Jicho alifumba macho kwa uchungu. Mwalimu akachomoa sarafu moja, ambayo hata hiyo iling'aa, akamwekea kiganjani. "Hii alinipa mke wangu siku niliyostaafu. Aliinunua gulioni kwa mtu aliyemwambia ni adimu. Mimi sijui."

"Nisomee mwaka," Bi Jicho alisema.

Mwalimu akasoma. Ulimalizikia na tatu.

Bi Jicho aliipima kwenye mizani, akaiangusha juu ya meza na kusikiliza mlio, akazungusha kucha kwenye ukingo wake wenye meno madogomadogo. Aliileta karibu na uso, akaigeuza kwenye mwanga wa dirisha. "Fedha safi," alisema. "Uzito wake ndio. Mlio wake ndio. Mwalimu, kaa chini. Hii ni Mgomo."

Mwalimu alikaa. Alipouliza kama ina thamani, sauti ilimtoka nyembamba. Bi Jicho hakumtajia bei. Alichukua simu akampigia daktari wa meno mwenye zahanati ng'ambo ya barabara, mkusanyaji aliyekuwa akiisaka Mgomo tangu akiwa na nywele. Daktari alisema akimaliza na wagonjwa wake mchana atakuja, na asiuziwe mtu mwingine. Mwalimu akaiacha albamu pale pale na kwenda kumchukua mkewe. Alishuka ngazi kwa kuruka, mtu wa umri ule.

Wakati huo wote Mtoto alikuwa mezani kwake akihudumia mteja mwingine. Mteja alipoondoka, shangazi akamkabidhi ile sarafu aiweke kwenye kikasha cha plastiki kisicho na vumbi. Mtoto hakuwahi kuweka sarafu kwenye kikasha bila kuipitisha chini ya lenzi. Ilikuwa mazoea ya mkono tu, kama mtu anayepuliza kijiko kabla ya kukitumia. Akavuta taa, akainama.

Ile tatu ilikuwa na kichwa cha mviringo.

Hakushtuka. Aliangalia tena, safari hii polepole. Mwaka wa mgomo nambari ilichongwa na fundi mwingine, na tatu yake ilikuwa bapa juu, kama imekatwa kwa rula. Hii ilikuwa ya mviringo juu na chini, nusu ya nane. Upande wa kushoto, mahali ambapo nane hujifunga, palikuwa na vishina viwili vidogo, na uso wa fedha hapo ulikuwa umesuguliwa na kuacha mikwaruzo myembamba iliyolala upande mmoja. Dawa ya meno haikwaruzi hivyo. Mtu aliichukua sarafu ya kawaida ya mwaka wa nane, sarafu halisi ya fedha halisi, akaikata nane ikawa tatu.

Juu ya hilo hakuwa na wasiwasi hata chembe. Kilichomtatiza ni kingine: shangazi hakuiona vipi? Kosa lenyewe lilikuwa la wazi, la kumfundishia mwanagenzi. Akamtazama mama yule pale dirishani, na ndipo mambo yakaanza kujipanga kichwani. Kiti kilichohamia kwenye mwanga. Droo anazozipapasa badala ya kusoma vibandiko. Na ile "nisomee mwaka" aliyoanza kuwaambia wateja, ambayo watu wote, yeye akiwamo, waliichukulia kuwa ni mtihani.

Aliinuka, akafunga mlango kwa komeo, akavuta kigoda mpaka dirishani.

"Shangazi, hii si Mgomo."

Bi Jicho hakugeuka. "Rudia."

"Si Mgomo. Ni nane iliyochongwa. Kichwa cha tatu ni cha mviringo, na vishina vimebaki kushoto."

"Mimi nimeshika sarafu hizi wewe hujaota meno," Bi Jicho alisema. Hakupandisha sauti, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Nimeipima. Nimeisikia. Na nimeshampa mtu neno langu."

"Uzito ni sawa na mlio ni sawa, kwa sababu sarafu ni halali. Iliyoghushiwa ni nambari peke yake." Akamsogezea lenzi na sarafu. "Iangalie."

Bi Jicho alipokea. Akaweka lenzi jichoni kama alivyofanya maisha yake yote, akainama, akakaa hivyo kwa muda. Mtoto aliona kwamba sarafu ilikuwa imegeuka juu chini, upande usio na mwaka ndio uliotazama juu. Shangazi yake alikuwa anaangalia kitu ambacho hakipo.

Mtoto angeweza kunyamaza, akasema labda amekosea, jambo likazungukwa. Lakini mchana mtu angepanda ngazi zile na kununua uongo kwa sababu ya jina la Bi Jicho, na Mtoto alimjua shangazi yake kuliko alivyojua sarafu: hilo asingemsamehe kamwe.

Alifungua droo, akatoa sarafu ya kawaida ya mwaka wa nane na kijiti cha mbao cha kuchokolea meno. Akaigeuza ile ya Mwalimu vizuri, akamwekea kijiti mkononi na kumwongoza kidole.

"Anza na hii ya nane. Zungusha taratibu. Unasikia inavyofunga kushoto?"

"Nasikia."

"Sasa hii."

Bi Jicho alipitisha ncha ya kijiti juu ya ile tatu. Mkono wake ulikuwa mwepesi kama zamani. Kijiti kilipanda, kikashuka, kikateleza, kisha kikakwama. Akarudi nyuma, akapita tena. Kikakwama palepale. Akarudia upande wa chini, kikakwama na pale pia.

"Pamechimbwa," alisema.

"Ndiyo."

"Tena kwa haraka. Huyu mtu hata hakuwa fundi mzuri." Akaweka kijiti mezani. Nje, chini ya dirisha, mwenye duka la dawa alikuwa akibishana na mtu juu ya mahali pa kuegesha pikipiki. Bi Jicho aliwasikiliza mpaka wakamaliza. Kisha akasema, "Sioni, mwanangu. Jicho la kulia lilianza kama moshi. La kushoto likafuata. Nina mtoto wa jicho."

"Nipo hapa, Shangazi."

Bi Jicho alimgeukia, uso umekaza, halafu kicheko kikamtoka ghafla bila ridhaa yake, akafuta macho kwa upande wa kanga. "Pumbavu wewe," alisema. "Kwa nini hukuniuliza mapema?"

"Kwa nini hukuniambia mapema?"

"Ningekuwa Bi nani?"

"Bi yuleyule. Mkono wako umeviona hivyo vishina viwili saa hii hii, na wapo wenye macho mazima ambao wangepita juu yake." Akamshika goti. "Mtoto wa jicho anatibika. Wanaondoa ukungu, wanakuwekea lenzi ndogo. Wewe na lenzi mnajuana."

Bi Jicho akanyoosha mgongo na kusema kwa ile sauti yake ya kuwaamuru wakusanyaji, "Fungua komeo. Na wakija, nitasema mwenyewe. Wewe usinitangulie."

Daktari wa meno alifika wa kwanza, bado ana koti lake jeupe, akisugua viganja. Bi Jicho hakumkaribisha hata kiti.

"Daktari, nilikuita kwa Mgomo. Nilikosea. Ni nane iliyochongwa, na aliyegundua ni huyu binti yangu. Mimi macho yamenichezea."

Daktari alisimama kama amemwagiwa maji. Akaomba lenzi, akaiangalia sarafu chini ya taa, akaguna. "Ningeinunua bila kuiangalia," alisema. "Ukisema wewe, mimi siangaliagi."

"Ndiyo maana nakuambia. Kuanzia leo angalia."

Bado walikuwa wamesimama hivyo wakati ngazi zilipolia tena. Mwalimu alikuwa amerudi na mke wake, wote wamevaa nguo za kutokea. Mama yule alikuwa mfupi, mnene, mwenye uso wa mtu asiyepotezewa muda. Bi Jicho akarudia maneno yaleyale, bila kupunguza. Mwalimu alitazama chini. Mkewe ndiye aliyeuliza.

"Kwa hiyo yule wa gulioni alinidanganya?"

"Alikudanganya, au naye alidanganywa na mwingine kabla yake," Mtoto alijibu. "Sisi tunachojua ni sarafu. Njoo uone mwenyewe, mama. Usiondoke hapa kwa kutuamini tu."

Akamkalisha penye taa, akamwekea nane ya kweli na tatu ya uongo sambamba, akamwonyesha kichwa cha mviringo, vishina, mikwaruzo. Mama aliangalia sana, jicho moja limefumbwa. "Nimeona," alisema hatimaye. "Shetani mkubwa."

Mumewe akaanza kufunga albamu. Mtoto akaweka kiganja juu yake.

"Mwalimu, bado sijaipitia hii."

"Ya nini tena? Hiyo ndiyo ilikuwa ya maana."

"Hiyo ndiyo uliyoambiwa ni ya maana."

Akaanza ukurasa wa kwanza, kidole kikitembea mstari kwa mstari, watu watatu wakimzunguka. Hakuwa na haraka. "Ya kawaida. Ya kawaida. Hii ingekuwa nzuri, lakini imesuguliwa. Na hii imesuguliwa. Mwalimu, ukiisugua sarafu unaondoa ngozi yake. Mkusanyaji anataka ngozi."

"Dawa ya meno ni ya meno," Daktari alisema kwa masikitiko ya kitaaluma. "Nimekuwa nikiwaambia watu hivyo miaka yote, sikujua itafika mpaka huku."

Hata Mwalimu alicheka kidogo. Ukurasa wa mwisho, kwenye kona, kulikuwa na senti ya shaba, ndogo, ya mwaka wa kawaida kabisa. Kidole cha Mtoto kikasimama. "Hebu subiri kidogo."

Bi Jicho, pale dirishani, aligeuza kichwa.

Mtoto aliichomoa kwa kushika ukingo, akaipeleka chini ya taa. Shaba ikitoka kiwandani huwa nyekundu, na haikai hivyo. Hewa na jasho la vidole huigeuza kahawia, kisha nyeusi. Hii ilikuwa bado nyekundu, upande wote, mpaka kwenye mashimo ya herufi. Hakuna kidole kilichokuwa kimepita juu yake. Aliangalia mwaka: herufi na nambari zote zilikuwa na ncha kali. Aliangalia ukingo, akaipima, akaiweka juu ya kitambaa.

"Hii ulisafisha?"

"Hiyo? Hapana," Mwalimu alisema, kama anayeomba radhi. "Ilikuwa ndani ya bahasha tangu marehemu baba. Niliona ni senti tu, nikasema nisipoteze dawa ya meno."

"Umefanya vizuri kuidharau," Mtoto alisema. "Senti hizi ziligongwa nyingi, lakini zilitumika. Zilinunua chumvi na pipi mpaka zikaisha sura. Yenye wekundu wake wote mimi sijawahi kuishika. Nimeiona kwenye kitabu cha mnada tu." Akamgeukia Daktari. "Unayo ya hivi?"

"Ninayo ya kahawia," Daktari alisema. Tayari alikuwa amevaa miwani yake. Akaiangalia muda mrefu, kisha kwa mazoea akainua kichwa kuelekea dirishani. "Bi Jicho, wewe unasemaje?"

"Umeshasikia," Bi Jicho alisema.

"Nimesikia, lakini nataka na neno lako."

"Neno langu ndilo hilo. Limetoka pale penye taa."

Daktari alimtazama Mtoto kama anamwona kwa mara ya kwanza, ingawa alikuwa amepokewa na yeye pale mlangoni miaka nenda rudi. Mtoto hakuinamisha macho. Akataja bei. Daktari akaguna, akataja ya kwake. Mtoto akatikisa kichwa, akamweleza kwa utulivu kwa nini haishuki, akanyamaza. Hakuiongeza wala kuipunguza. Daktari akazunguka chumba mara moja, akatoa simu yake na kumlipa Mwalimu palepale. Haikuwa pesa ya Mgomo, wala ya kujengea nyumba. Ilitosha paa la Mwalimu, ambalo lilikuwa likivuja juu ya kitanda, na mafundi wangelipwa vizuri.

Kabla hawajaondoka, mke wa Mwalimu aliiokota ile tatu ya kuchonga. "Hii mnaweza kuitoboa?"

"Tukiitoboa haiuziki tena," Mtoto alisema.

"Ndiyo ninachotaka. Mimi nimedanganyika, inatosha. Nitaivaa shingoni, na mtu akiniuliza nitamwambia ni ya mume wangu kustaafu." Fundi saa wa jirani akaitoboa, na alipoondoka mama yule iling'ara kifuani pake, imening'inia kwenye uzi mweusi, na mumewe alimshika mkono kwenye ngazi.

Habari zilienea, kama kawaida ya wakusanyaji. Bi Jicho aliwazuia wasinong'one kwa kuwasimulia mwenyewe kila aliyeingia, mpaka hadithi ikawachosha. Wapo waliokuja kumpima Mtoto, wakamwekea mezani sarafu za mtego, na yeye akazichambua moja moja na kuwarudishia, ya kweli huku, ya uongo kule, akawauliza kama wana nyingine. Mmoja alimwuliza shangazi mtu kama yule anajifunza wapi. "Hapo alipokaa," Bi Jicho alisema.

Walikwenda hospitali pamoja. Jicho la kulia lilifanyiwa upasuaji kwanza, na baada ya bandeji kutolewa Bi Jicho aliomba arudishwe dukani, si nyumbani. Alipanda ngazi bila kushika ukuta. Mlangoni akasimama, akatazama chumba chote, kuanzia dari mpaka sakafu, na uso wake ukaanza kubadilika.

"Haya mapazia yalikuwa meupe," alisema.

"Yalikuwa."

"Na hilo kabati lina vumbi la kupandia mahindi. Mlikuwa mnaishi hivi?"

"Ulikuwa hulalamiki."

Bi Jicho akaingia, akapitisha kidole juu ya meza, akakiangalia kwa kuchukizwa. Kisha akamgeukia binti wa kaka yake na kumtazama kwa karibu, kwa ule mtazamo wake wa zamani, kuanzia paji la uso mpaka kidevuni. Akanyoosha mkono, akagusa nywele zake juu ya sikio.

"Na hizi mvi umeanza kuziota lini?"

"Wakati ukipunga upepo dirishani."

Bi Jicho aliziangalia kidogo tena, akaridhika. Akavuta kiti chake kutoka dirishani, akakiburuta mpaka kwenye meza ya taa, akakiweka upande wa pili, mkabala na cha Mtoto. Kopo la sarafu lililoletwa asubuhi lilikuwa bado halijafunguliwa. Mtoto akalimwaga katikati yao, na wote wawili wakainama.